Albamu mpya za indie rock: Shabiki analipa, bendi inapata nini?

Machi 2024, Patrick Flegel wa Kanada, anayetumia jina la Cindy Lee, aliachia albamu yenye nyimbo 32 na urefu wa saa mbili. Jina lake ni Diamond Jubilee.

Spotify haikuwepo. Apple Music haikuwepo. Ilikuwa YouTube kama video moja ndefu, na kwenye tovuti moja yenye muonekano wa kizamani kabisa, ambako uliweza kupakua faili huku ukiombwa kuchangia dola 30 za Kanada.

Kwa hesabu za kawaida, hapo umejizika mwenyewe. Lakini mashabiki wakaanza kutumiana linki, jarida la Pitchfork likaipa alama 9.1 kati ya 10, na mwisho wa mwaka ikawa kwenye orodha kibao za albamu bora.

Swali ni hili: kama msanii anaweza kutoboa bila Spotify, kwa nini wengine wamebaki?

Sheria ya mara 1,000

Tangu mwanzoni mwa 2024, wimbo ulioko Spotify lazima usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 ndipo uanze kuingiza mrabaha. Chini ya hapo, hupati kitu.

Spotify inajitetea kwamba nyimbo hizo zilikuwa zinaingiza senti tu, ambazo mara nyingi hazikumfikia msanii kwa sababu wasambazaji wana kiwango cha chini cha kutoa pesa. Kwa hiyo fungu hilo sasa linagawiwa nyimbo zilizovuka mstari.

Hoja ina mantiki, ila angalia inakoelekea: senti za wadogo zinahamia kwa waliotangulia. Na sheria haichagui nchi. Anayerekodi chumbani kwake Mwanza au Kisumu inamhusu vilevile.

Waliobeba virago

Julai 2025, bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard kutoka Australia iliondoa nyimbo zake Spotify. Deerhoof ya Marekani nayo ilikuwa imetangaza kuondoka. Sababu yao kuu haikuwa malipo. Mwezi Juni, kampuni ya uwekezaji ya Daniel Ek, mwanzilishi wa Spotify, iliongoza uwekezaji wa euro milioni 600 kwa Helsing, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza droni na mifumo ya akili bandia ya kijeshi.

King Gizzard wakaweka albamu zao Bandcamp na kumwambia shabiki: lipa unachoweza.

Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Yaani albamu ya dola 10 inaiachia bendi zaidi ya dola 8, kabla ya gharama za muamala. Tangu 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo haichukui hata hiyo asilimia 15. Ili bendi ipate dola 8 kwa watu kusikiliza tu mtandaoni, inahitaji kusikilizwa maelfu ya mara.

Si kila mtu anaweza kuondoka

King Gizzard wana albamu zaidi ya 25 na mashabiki wanaowafuata popote. Bendi iliyoanza juzi haina huo ubavu. Ikitoka Spotify, nani ataigundua?

Hata Bandcamp si nyumba ya kudumu. Epic Games iliinunua 2022, mwaka uliofuata ikauzwa kwa Songtradr, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Kwetu kuna kikwazo kingine: kule unalipa kwa kadi au PayPal, wakati pesa zetu wengi ziko kwenye simu.

Maana yake nini?

Majukwaa yanabadilisha wenye mali na sheria kila kukicha. Kilichoibeba Diamond Jubilee ni mtu mmoja kumwambia mwenzake, "Hebu sikiliza hii."

Basi ukikutana na albamu mpya ikakukosha, itumie kwa mtu. Na ukiweza, inunue moja. Kwa bendi ndogo, mnunuzi mmoja anaweza kuzidi wasikilizaji elfu.