Simu aina moja, mtoto mmoja, rangi mbili: acheni kupima manjano kwenye kioo

SEHEMU YA 1

Wiki hii nimepokea picha kumi na moja za macho ya watoto wachanga. Kumi na moja! Swali ni lilelile: "Dada nesi, hebu niangalizie, huyu ana manjano au ni macho yangu tu?"

Na mimi nilikuwa najibu, nisijifanye mtakatifu. Navuta picha kwa vidole, nakuza jicho, naandika "mbona yuko sawa, endelea kumnyonyesha", naendelea na kazi zangu. Mpaka siku moja zamu ya mchana.

Mwenzangu wa zamu na mimi tulinunua simu pamoja. Duka moja, siku moja, aina moja, mpaka rangi ya nyuma moja, kila siku tunabebeana simu kimakosa. Siku hiyo mama mmoja akatuma kwenye kundi letu picha ya mwanawe wa siku nne. Mimi nikasema macho safi kabisa. Mwenzangu akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Safi wapi? Huyu njano kama ndizi mbivu."

Tukabishana weee, mpaka tukaziweka simu mezani sambamba. Picha ileile. Mwanga tumepandisha mpaka mwisho kwenye zote mbili, ile hali ya usiku tumezima kwenye zote mbili. Kwangu jicho jeupe, tena lina kaubaridi ka bluu. Kwake lina rangi ya siagi. Tukafungua ukurasa mtupu usio na kitu, kuhakikisha. Wangu mweupe kama karatasi mpya ya risiti, wake kama daftari lililokaa kabatini miaka kumi.

Yule mama tukampigia, alete mtoto. Alipimwa damu, ikaonekana anahitaji tiba ya mwanga. Akalala wodini siku mbili, akatoka ananyonya vizuri. Sasa jiulize: siku ile kundini ningekuwepo mimi peke yangu na simu yangu?

Mimi nimejiuliza. Usingizi ulinipaa.

SEHEMU YA 2

Wengi mmeniandikia: "Lakini nesi, si simu zilezile?" Hapana jamani. Jina lililoandikwa nyuma ni jina la simu, si jina la kioo. Kampuni kubwa inayouza mamilioni ya simu mara nyingi hainunui vioo kwa mtu mmoja. Apple kwa mfano, vioo vya OLED vya iPhone imekuwa ikivichukua kwa Samsung, kwa LG na kwa BOE ya China. Hata kiwanda kimoja hakitoi vioo viwili vilivyo sawasawa. Kila kioo kinapimwa, kikiwa ndani ya kiwango wanachokubali kinapita. Ni kama mikate ya tanuri moja: yote inauzwa bei moja, lakini uliokaa pembeni umeungua kidogo.

Mwaka 2017 Samsung ilipotoa Galaxy S8, wateja Korea Kusini walianza kulalamika kwamba vioo vya simu zao vinaelekea wekundu, na wenzao wenye simu hiyohiyo hawaoni kitu. Kampuni ikatoa sasisho la programu ili watu warekebishe rangi. Hiyo ilikuwa simu ya bei ya juu. Apple nao wameandika wenyewe kwenye maelezo yao kwamba kioo cha OLED ukikiangalia kwa pembeni rangi inaweza kubadilika kidogo, na kwamba hiyo ni hali ya kawaida. Kawaida kwa mtu anayeangalia mpira, sawa. Siwasemi kwa hilo.

Shida yetu sisi ni rangi yenyewe tunayoitafuta. Kioo cha simu hakina taa ya njano. Kina nukta ndogo sana nyekundu, kijani na bluu, na njano unaiona pale nyekundu na kijani zinapowaka na bluu ikapungua. Kwa hiyo kioo ambacho bluu yake ni dhaifu kidogo kinapaka kila kitu umanjano, na mtoto wako yumo. Kioo ambacho bluu yake imezidi kinaifuta njano. Na kwenye OLED, bluu ndiyo inayochakaa haraka kuliko wenzake. Yaani simu mbili zilizotoka kiwandani zikiwa pacha, baada ya miaka mitatu si pacha tena, kulingana na nani alikuwa anaangalia tamthilia usiku kucha.

Ongeza hapo fundi. Ni wangapi hapa simu imeanguka, ukabadilishiwa kioo cha kopi kwa sababu orijino bei yake ni nusu ya simu? Simkatazi mtu, mimi mwenyewe ninacho. Lakini kile kioo hakijawahi kupimwa pamoja na simu yako.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalijui. Ukiona mtoto ni njano kwenye simu yako ukanitumia, hunitumii ile njano unayoiona. Unanitumia picha, na simu yangu inaipaka rangi upya kwa kioo changu. Hata ukipiga picha ya skrini, ni vilevile. Wewe unasema "si unaona?" na kweli mimi sioni.

SEHEMU YA 3

Sasa niseme na watu.

Kwanza wauzaji. Tangazo linasema "rangi halisi", "kama unaona kwa macho". Halisi ya nani? Nikiwa na simu mbili mkononi za jina moja na zinabishana kuhusu karatasi nyeupe, mmoja wao anadanganya, au wote. Ukirudi dukani unaambiwa "dada, hiyo ndiyo ilivyo, utazoea". Mimi nitazoea. Lakini mteja amelipa hela ileile aliyolipa mwenzake, ana haki ya kuambiwa kabla hajanunua kwamba vioo vinatofautiana, na ana haki ya kuwasha simu mbili tatu kaunta aangalie ukurasa mweupe achague. Siku hizi nafanya hivyo na wananinunia. Wanune.

Pili makundi ya kina mama. Mtu anaweka picha ya mtoto wa siku tatu, ndani ya dakika tano kuna majibu arobaini. "Wangu alikuwa hivyo, mwanike jua." "Huyo mzima shoga." "Mpe maji ya glukosi." Watu arobaini, vioo arobaini, na hakuna hata mmoja aliyemgusa mtoto! Kumwanika jua dirishani si tiba ya manjano makali, na mtoto wa siku tatu anahitaji ziwa, si glukosi.

Tatu, baba watoto na mama wakwe. Naijua ile sentensi: "Kabla hatujamaliza nauli, mtumie nesi picha kwanza." Najua bodaboda ya usiku ni bei gani na najua mvua ya huko kwetu. Sisemi kwa kejeli. Lakini mzazi aliyejifungua juzi, anatembea kwa kujishika, akisema moyo wake hautulii juu ya mtoto, msimpe simu. Mpeni kanga na nauli.

Na nne sisi manesi. Hapa ndipo naudhika zaidi, maana tunajua. Tumefundishwa kwamba hata mtoto akiwa mbele yako, mchana, umemvua nguo, jicho peke yake halitoshi kusema kiwango cha bilirubini. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu, na kwenye hospitali zenye uwezo kuna kile kifaa cha kuweka kwenye ngozi. Sasa kama jicho halitoshi kwa mtoto aliye mikononi, litatoshaje kwa picha iliyopigwa chini ya taa ya njano, pembeni ya chandarua cha bluu, ikaangaliwa kwenye kioo kilichopasuka? Tunajibu kwa sababu hatutaki kuonekana tunaringa. Tunajibu tukiwa kwenye daladala. Mimi nilikuwa hivyo.

SEHEMU YA 4

Kuna kaka ameniandikia kwa hasira kidogo, kwamba mbona kuna programu za simu zinazopima manjano. Kweli zipo, na nazipenda. Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walitengeneza moja inaitwa BiliCam, na watafiti wa University College London wamefanya kazi Ghana kwa kupiga picha weupe wa jicho. Lakini angalia wanavyofanya. Wale wa BiliCam wanamwekea mtoto kadi yenye rangi zinazojulikana ndipo wapige picha, kompyuta ilinganishe. Wale wengine wanahesabu na kuondoa mwanga wa chumbani. Hakuna hata mmoja anayemwambia mama aangalie kioo aamue. Waliobobea kwenye simu hawakiamini kioo, wewe unakiamini kwa lipi?

Basi mtoto aangaliwe hivi. Mchana, karibu na dirisha au mlangoni, mwanga wa nje, si taa. Macho yako, si kamera. Bonyeza taratibu paji la uso au kifua kwa kidole, uachie, uone rangi inayobaki. Watoto wetu weusi ngozi inaficha, kwa hiyo angalia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Ukiona njano imefika viganjani au nyayoni, usisubiri kesho. Na manjano yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24, hata kidogo tu, ni hospitali moja kwa moja.

Najua wengi watasema manjano ni ya kawaida. Ni kweli, watoto kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao huyapata wiki ya kwanza, na njiti ni kama 8 kati ya 10, na wengi yanaondoka yenyewe. Ndiyo maana yanatudanganya. Wachache ambao bilirubini inapanda sana, inaingia kwenye ubongo, na tukichelewa mtoto anabaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Hapo hakuna sasisho la kurekebisha.

Mtoto akilala sana mpaka humwamshi kunyonya, akikataa ziwa, akilia kwa sauti nyembamba isiyo yake, akijipinda mgongo nyuma, akipata homa au degedege, usiangalie rangi tena. Beba twende. Na choo kikiwa cheupe kama chokaa, au manjano yamepita wiki mbili hayajaisha, mlete pia, hata kama anacheka.

(Na hii si ile homa ya manjano ya mbu, ya kuchanjwa wasafiri. Kila nikiandika kuhusu manjano kuna mtu anauliza chanjo.)

Kuanzia leo picha za macho ya watoto sizifungui. Msinichukie. Ukinitumia nitakupigia simu nikuulize ana siku ngapi, ananyonyaje, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, halafu nitakwambia umlete. Asiyenikuta amuulize nesi yeyote wa zamu. Sauti nzuri ya simu yangu haina shida, nimeipima na ya mwenzangu.

Jumapili, Mungu akipenda, naleta habari ya kitovu na yale majivu mnayoweka. Mjiandae kugombana.