Orodha ya mbolea ya ruzuku ibandikwe kijijini
MEZA YA MKULIMA
Na Anyisile Mwakalinga

Nina ombi moja kwa Wizara ya Kilimo kabla mvua za kupandia hazijaanza. Orodha ya waliochukua mbolea ya ruzuku, yaani jina, ekari na idadi ya mifuko, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji.

Ruzuku yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipovuka shilingi 130,000, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 na bei ikashuka hadi 70,000. Waliokuwa wamekata tamaa walipanda mahindi kwa mbolea.

Lakini ruzuku ya namna hii hufuata mifuko. Kwa bei za msimu ule, Serikali ilibeba zaidi ya shilingi 50,000 kwa kila mfuko wa DAP au UREA. Mwenye ekari moja, akichukua mfuko wa kupandia na wa kukuzia, alisaidiwa zaidi ya shilingi 100,000. Aliyeandikisha ekari 100 kwa kiwango hichohicho alisaidiwa zaidi ya milioni 10. Je, ekari hizo zipo kweli? Majirani zake wanajua vizuri kuliko kompyuta yoyote ya Dodoma, ila hakuna anayewauliza.

Tumeshaumwa hapa. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09 ulilenga mkulima mdogo, na kamati ya kijiji ndiyo iliyochagua kaya. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen waliufuatilia mpango huo mkoani Kilimanjaro wakakuta takriban asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Na vocha ilipomfikia maskini, nusu ya bei alitakiwa aitoe mfukoni, naye hana. Basi kuna waliosaini vocha dukani wakapewa hela kidogo ya chumvi na sabuni, wakala akaidai Serikali thamani yote, na mbolea ikabaki palepale kwenye rafu. Wale waliosaini walilima hivyohivyo, mahindi yakatoka ya njano.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kaya maskini haiingii TASAF, mpango wa Serikali wa kuzisaidia kaya hizo kwa fedha, mpaka jina lake lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu wote wakisikia, na anayepinga anapinga palepale. Bibi anayesubiri hela ya kununulia unga anavumilia umaskini wake kutangazwa hadharani. Mwenye trekta na ekari 100 anachukua fedha ya umma hiyohiyo kimyakimya, kwa namba iliyotumwa kwenye simu yake.

Wapo watakaosema ekari za mtu ni siri yake. Mimi sikubali. Shamba liko barabarani, na fedha ni ya kodi zetu.

Orodha ikibandikwa, mama anayelima huku mumewe yuko mjini ataona kama mbolea ya shamba lile imeshachukuliwa kwa jina la mume, na ataanzia hapo kudai. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Wizara isiposikia, wanakijiji waitake orodha hiyo kwenye mkutano ujao, isomwe jina kwa jina, wenyeviti na watendaji wakiwamo.