Rimoti Haimfundishi Mtu Kuua, Inamsoma

Kuna uongo mmoja kuhusu gemu za video ambao haufi. Bodi za rufaa zimeuzika, mahakama imeuzika, lakini akitokea mwandishi mmoja mwenye haraka unafufuka na sanda yake. Uongo wenyewe ni huu: eti mtu akicheza gemu ya kutisha kwa kubofya vitufe, hiyo ni burudani, ila akiicheza kwa kupunga mkono, basi mkono huo unajifunza kuua.

Mimi nasema kelele hizo zilitufanya tuangalie upande usio na mwizi, huku mwizi akiingia kwa mlango wa nyuma. Twende taratibu.

Novemba 2006 Nintendo walitoa Wii. Badala ya pedi ya vitufe, mashine hiyo ilikupa rimoti nyeupe yenye kifaa kidogo ndani cha kupima mwendo. Ukipunga mkono, mchezaji kwenye skrini naye anapunga. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na watu ambao hawajawahi kushika pedi maishani, bibi zetu wakiwemo, wakacheza tenisi sebuleni. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja Manhunt 2 ya Rockstar, kisa cha mtu aliyetoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anayenyatia watu gizani na kuwaua. Kwenye Wii, ukitaka kumkaba adui, unaifanya ishara yenyewe kwa mikono yako. Kasheshe ikaanzia hapo.

Juni 2007 BBFC, bodi ya Uingereza inayopanga madaraja ya filamu, ikaikatalia cheti. Marekani ikapewa daraja la watu wazima pekee, na Nintendo na Sony hawaruhusu daraja hilo kwenye mashine zao. Rockstar wakapunguza ukatili, wakatia ukungu kwenye picha za mauaji, na Oktoba mwaka huo ikaingia madukani Marekani. Mwezi uliofuata maseneta wanne, Hillary Clinton akiwa mmoja wao, wakaandika barua kulalamika, wakitaja kwamba Wii inamwezesha mtoto kuigiza mauaji yale kwa vitendo. Uingereza nako mvutano ukafika mpaka Mahakama Kuu. Uliisha Machi 2008, bodi ya rufaa iliposimamia uamuzi wake wa kuiruhusu, nayo BBFC ikatoa daraja la 18.

Sasa hebu tujiulize swali dogo tu. Kama tatizo lilikuwa mkono, mbona BBFC iliikataa pia ile ya PlayStation 2, inayochezwa kwa vitufe? Jibu ni rahisi. Bodi ilichukizwa na ukatili wenyewe na roho ya gemu nzima. Hiyo ni hoja, inaweza kujadiliwa na watu wazima mezani. Habari ya mkono ilikuwa chumvi, na chumvi ndiyo inayouza magazeti. Sisi wa tasnia hii tunalijua hilo vizuri sana.

Tarehe 27 Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili. Majaji saba dhidi ya wawili. Walisema tafiti walizoletewa hazikuthibitisha kwamba gemu hizo zinamfanya mtoto awe mkatili. Msinielewe vibaya: simaanishi mtoto wa miaka kumi akabidhiwe Manhunt 2. Daraja la 18 limewekwa kwa sababu, na mzazi anayelipuuza asije kumlaumu Rockstar. Nachosema ni kwamba ile hoja ya mkono haina miguu.

Aliyewahi kuicheza anajua kinachotokea. Mshale unatokea kwenye skrini unaelekea juu, unapeleka mkono juu. Mshale unaelekea chini, unashusha. Rimoti haijakusoma sawasawa, unarudia. Baada ya nusu saa kinachouma ni kiwiko, dhamiri imelala zamani. Hakuna hofu pale wala mafunzo yoyote. Ni mazoezi ya viungo yenye damu.

Na hapa watengenezaji nao hawaponi, maana walikosea kama wale maseneta. Wote waliamini kwamba faida ya mkono kwenye gemu ya kutisha ni kupiga. Mwaka huohuo wa 2007 Capcom waliileta Resident Evil 4 kwenye Wii, ukilenga bunduki kwa kuelekeza rimoti kwenye skrini. Gemu nzuri, sibishi. Lakini risasi zinaenda pale unapotaka, kwa hiyo umekuwa hodari, na mtu hodari haogopi. Anafurahia tu. Ukimpa mtu silaha inayomtii, umeshamwondolea nusu ya giza.

Walioelewa walikuwa Climax Studios wa Uingereza. Desemba 2009 waliitoa Silent Hill: Shattered Memories, chini ya Konami, mwandishi wake mkuu akiwa Sam Barlow. Kisa ni cha baba anayeitwa Harry Mason. Amepata ajali ya gari kwenye theluji, akizinduka binti yake Cheryl hayupo. Anatoka kumtafuta usiku, na hana bunduki, hana panga, hata fimbo hana.

Ana tochi, na tochi hiyo ni rimoti uliyoishika wewe. Ukigeuza kiganja, mwanga unageuka. Ukitetemeka, mwanga unatetemeka. Yeyote aliyewahi kupita koridoni nyumbani kwake umeme umekatika anajua kwamba tochi haikuondolei woga. Inakuonyesha duara moja dogo, na kila kilichobaki nje ya duara hilo kinakuwa chake mwenyewe. Tena Harry ana simu. Ikiita, inaitia kwenye spika ndogo iliyo ndani ya rimoti, si kwenye televisheni. Unaipeleka sikioni, na sauti ya mtu usiyemwamini inasemea hapohapo kando ya shavu lako. Mwaka uliofuata gemu hii ilihamia PlayStation 2 na PSP. Kisa kilekile, ila tochi ukaanza kuisukuma kwa kidole gumba na simu ikahama sikioni. Waliocheza zote mbili hawahitaji kuelezwa kilichopotea.

Na uzuri ni kwamba gemu hii inathibitisha hoja yangu hata pale inaposhindwa. Zipo sehemu za jinamizi ambapo mji unaganda barafu na viumbe wanakufukuza. Wakikukumbatia, unatakiwa kuwasukuma kwa mikono miwili. Ishara mara nyingi haishiki. Unasukuma, unasukuma, na ghafla hauogopi tena, umekasirika. Unagombana na plastiki. Mkono ulipoambiwa utafute, ulitisha. Ulipoambiwa upigane, ukageuka kero.

Lakini haya yote ni utangulizi. Kitu kikubwa kwenye Shattered Memories kiko kwingine, na ndicho kelele za 2007 zilichotufundisha kutokukiangalia.

Gemu hii inakusoma. Inaanza kwa onyo kwamba itakuchunguza kisaikolojia wakati unacheza. Mara kwa mara unarudishwa kwenye ofisi ya daktari wa akili, Dkt. Kaufmann, anayekuuliza maswali ya ulevi, mapenzi na familia. Anakupa picha ya nyumba uipake rangi kwa rimoti, na baadaye Harry akifika nyumbani kwake, nyumba ina rangi ulizochagua. Ukiwa mitaani inazingatia tochi yako imekaa wapi: umemulika nini, umekodolea picha gani ukutani, umekwepa nini. Kwa majibu hayo na mwanga huo, viumbe wanabadilika maumbo, watu unaokutana nao wanabadilika mavazi na tabia. Mwishoni, majina ya waliotengeneza yakipita, unasomewa ripoti. Ripoti yako wewe, si ya Harry.

Umeona? Watu wazima wenye heshima zao walihangaika na kile ambacho gemu itaufundisha mkono. Hawakuuliza mkono utaiambia nini gemu. Na mkono husema mengi, kwa sababu ulimi unaweza kudanganya, lakini mwanga wa tochi unaenda pale jicho linapotaka kwenda.

Najua kuna mtu anasema: acha hizo bwana, ni gemu tu, tena ya zamani. Sawa. Climax walikuwa waungwana. Walikuonya mlangoni, wakakuonyesha matokeo mwishoni, na ripoti yako iliishia sebuleni kwako ndani ya mashine yako. Lakini mashine zilizofuata hazikubaki hapo. Novemba 2010 Microsoft walileta Kinect, kamera inayousoma mwili mzima bila wewe kushika chochote. Februari 2023 Sony walitoa PlayStation VR2, miwani inayofuatilia macho yako yanaangalia wapi. Kilichokuwa kubahatisha kwa tochi sasa ni kipimo kamili. Na mashine hizi zimeunganishwa na intaneti.

Fikiria basi. Gemu ya kutisha ni mahali ambapo mtu amelegeza ulinzi wake wote. Anashtuka kabla hajafikiri. Ukitaka kujua mtu anaogopa nini, anatamani nini, anageuza uso mbele ya nini, hakuna chumba bora cha kumhojia kuliko hiki. Na tunaingia wenyewe, kwa hela yetu, tumebofya "Nakubali" bila kusoma.

Sisemi tuache kucheza. Mimi siachi. Nasema tubadilishe ugomvi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria bila mtu wa kuuliza ni karatasi. Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, siku mhariri akikutuma uandike kuhusu gemu mpya inayotisha wazazi, usimpigie simu mchungaji kwanza. Icheze. Kisha uliza maswali matatu: inarekodi nini kuhusu mchezaji, inapeleka wapi, na mchezaji akisema futa, inafutwa?

Ukipata majibu yote matatu, andika hata kama yanachosha. Na ukinyimwa majibu, hiyo ndiyo habari yako ya ukurasa wa kwanza. Anayebisha aje, ila aje na hoja.