Fundi wa Nyumbani: Injini Kuukuu Hainunuliwi kwa Rangi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huu wa wazee ulinijia nilipokuwa nimesimama chini ya mkorosho huko Lukuledi, kando ya barabara itokayo Masasi kwenda Nachingwea, nikiitazama injini iliyopakwa rangi ya buluu ikang'aa kama sahani ya harusi. Ilikuwa imewekwa juu ya matairi mawili ya lori. Mbele yake walisimama akina mama kumi na mmoja, na mmoja wao, dada wa mke wangu, alikuwa amekumbatia mkoba wenye fedha ya wote. Ilikuwa fedha ya korosho, waliyoichanga baada ya malipo ya mnada.

Akina mama hao walitaka mashine ya kusaga. Kutoka kitongojini kwao hadi mashine iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima, na wanaobeba ndoo za mahindi kichwani ni mabinti ambao wakati huo wangepaswa kuwa darasani. Walikwisha ambiwa kinu kinapatikana; kilichobaki ni injini ya kukizungusha. Mwenye injini akawahakikishia kwamba hiyo ilitoka katika lori la Fuso, kwamba ni ya aina ya 6D16, na kwamba hakuna kilichoharibika isipokuwa gasketi. Kichwa cha silinda kilikuwa kimefunguliwa na kulazwa juu ya turubai.

"Shemeji," dada yule akaniambia kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa magazeti, umesoma mengi. Tulipe au tusilipe?"

Nilimjibu kwamba kusoma magazeti si kusoma injini, tukamwite fundi. Nilikuwa na sababu. Zamani mjomba wangu wa Newala alinunua injini iliyopakwa rangi namna hiyo hiyo. Chini ya rangi palikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma. Ilisaga kwa majuma mawili, maji yakaingia katika oili, ikakwama. Mjomba aliuza sehemu ya shamba lake la mikorosho kulipa deni. Tangu siku hiyo nikiona chuma cha zamani chenye rangi mpya, nauliza rangi hiyo inaficha nini.

NCHI HII IMEKWISHA KUFUNZWA

Ndugu msomaji, sehemu zile zina kumbukumbu ya mitambo iliyonunuliwa bila kukaguliwa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa haba baada ya vita, hivyo wakanunua yaliyoachwa na majeshi, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi kati ya matrekta hayo ya mtumba yaliharibika mapema, vipuri vikawa shida, na mwaka 1951 mradi wenyewe ukaachwa. Ikiwa serikali yenye wahandisi iliweza kubeba mzigo wa aina hiyo, sembuse kikundi cha akina mama kumi na mmoja!

JINA LA INJINI LIKO WAPI

Fundi alipofika hakuitazama rangi. Aliomba brashi ya waya, kitambaa na dizeli kidogo, akasugua ubavuni mwa bloku mahali palipolainishwa. Hapo ndipo penye namba ya injini, iliyogongwa kwa nyundo na chapa. Mnunuzi yafaa atofautishe alama za aina tatu. Ya kwanza ni namba iliyogongwa. Hiyo ndiyo kitambulisho cha injini. Ya pili ni tarakimu zilizotokeza juu ya chuma, ambazo zilitoka kiwandani katika kalibu. Hizo hueleza bloku ilivyosubiwa, na aghalabu injini za ukubwa mbalimbali huweza kuwa na bloku zinazofanana. Ya tatu ni kibandiko au kibati kilicho juu ya kifuniko cha vali. Hicho usikiamini peke yake, maana mtu mwenye spana hukihamisha kwa dakika chache.

Hali ni hiyo hiyo duniani kote. Huko Marekani watu hununua injini kubwa za petroli kutoka katika magari ya kulala safarini yaliyochakaa, zile zenye silinda nane, kama Chevrolet ya lita 7.4 au Ford ya lita 7.5. Injini ya Chevrolet ya lita 7.4 kwa nje hufanana sana na ndugu yake wa lita 6.5, na mnunuzi asiyesoma namba hulipia kubwa akapewa ndogo.

Chini ya rangi ya buluu ikasomeka 6D14, wala si 6D16.

Mwenye injini akasema hizo ni ndugu, tofauti yake ni herufi tu. Ni kweli kwamba ni ndugu. Lakini tofauti yake si ya herufi, ni ya chuma.

RULA HAISEMI UONGO

Kwa kuwa kichwa kilikuwa wazi, fundi alichukua rula akapima upana wa tundu la silinda: milimita 110. Akazungusha krenki kwa spana, akapima mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu: milimita 115. Akaniambia nipige hesabu, nami nawaandikia ili hata mwanafunzi wa shule aweze kumsaidia mzazi wake.

Chukua upana kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe: 11 mara 11 ni 121. Zidisha kwa 0.7854, utapata 95.03. Zidisha kwa mwendo wa pistoni, sentimita 11.5, halafu kwa idadi ya silinda, yaani 6. Jibu ni sentimita za ujazo 6,557, ambazo ni lita 6.6. Hiyo ni 6D14 kamili. Dada yake 6D15 ana tundu la milimita 113, na 6D16 ana la milimita 118, ambalo hufanya lita 7.5. Mwendo wa pistoni ni ule ule kwa zote tatu. Basi mtu akinunua 6D14 kwa jina la 6D16, kisha akaagiza pistoni na ringi kutoka Dar es Salaam, zitamfikia Masasi na hazitaingia.

AFYA YA INJINI

Jina likishajulikana, uliza afya. Fundi alipitisha ukucha ukutani mwa silinda karibu na ukingo wa juu. Ukucha ukikwama katika ngazi iliyochimbika, ringi zimekwisha kula chuma. Hapo hapakukwama sana. Kisha akasimamisha rula juu ya kichwa cha silinda kutazama kama kimepinda, na akachunguza katikati ya vali kama pana ufa. Gasketi haiungui bila sababu. Mara nyingi injini ilikosa maji ikachemka, na chuma kilichochemka sana huweza kupinda.

Kama injini ni nzima haijafunguliwa, fanya haya. Ishike asubuhi uhakikishe ni baridi, maana iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ugumu wa kuwaka. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili nyeupe kama maziwa ina maji, inayong'aa chembechembe ina unga wa chuma. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili. Katika injini ya silinda sita utahisi ugumu mara sita, na ugumu huo uwe sawasawa. Ikiwaka, tazama moshi. Mweusi mwingi ni dizeli kupita kiasi au upungufu wa hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona inapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, ringi zimechoka.

Hatimaye linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa katika kadi ya gari. Zisipolingana, au namba ikiwa imesagwa kwa tupa, ondoka. Utanunua kesi badala ya injini.

BEI HUTOKANA NA KAZI

Sasa bei. Tuseme injini kama hiyo iliyo nzima huuzwa mjini kwa mafungu 100. Toa gharama ya kunyoosha kichwa, gasketi na ringi, tuseme mafungu 30. Toa usafiri wa chuma kizito karibu nusu tani, mafungu 10. Toa tena mafungu 15 ya hofu, kwa sababu hukuisikia ikiunguruma. Yabaki 45. Upande wa chini kabisa ni thamani ya vipuri vyake, hasa pampu ya dizeli, pamoja na chuma chakavu kwa kilo. Bei ya haki iko kati ya hayo mawili. Mwenye injini alikuwa akitaka bei ya 6D16 isiyo na dosari.

Lakini fundi aliuliza swali ambalo sisi sote hatukuliuliza: "Mama zangu, mnataka kubeba korosho au kusaga unga?"

Injini ile ina nguvu farasi zipatazo 150. Kinu cha kijiji huhitaji kama 20 tu. Silinda sita zitazunguka na kunywa dizeli hata kinapokuja kidebe kimoja cha mahindi, na injini ya dizeli ifanyayo kazi nyepesi siku zote hujaza masizi. Kwa mwenye Fuso iliyokufa barabarani, chuma kile ni dhahabu. Kwa akina mama wale kingekuwa mgeni mlafi asiyeondoka. Kwao yafaa injini ndogo ya silinda moja, au mota ya umeme mahali ambapo umeme wa kutosha umefika.

Palikuwa kimya. Mama mmoja mzee, ambaye nadhani alikwisha hesabu magunia atakayosaga, aliketi chini akatazama mikono yake. Haikuwa rahisi kurudi nyumbani bila mashine baada ya kuwaahidi watoto. Hata hivyo shemeji alifunga mkoba.

Majuma sita baadaye nilipata salamu. Injini ya buluu ilinunuliwa na mwenye lori, kwa jina lake halisi na kwa bei ya jina hilo. Akina mama walipata injini ya silinda moja, kuukuu pia, lakini waliisugua namba, wakaisikia ikiwaka baridi, na wakaandikiana stakabadhi mbele ya mashahidi. Fedha iliyosalia walinunulia mkanda na dizeli ya kuanzia.

Ndugu msomaji, ukienda kununua mtambo uliotumika, beba brashi ya waya, rula na fundi asiye rafiki wa muuzaji. Na kabla ya yote hayo, jiulize utaufanyia kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari.