Kombora lililozaliwa mgodini

Na Kulwa Masalu

Mlipuaji wa baruti kwenye maduara ya dhahabu ya Nyang'hwale haweki baruti juu ya mwamba na kungojea bahati. Huchoronga tundu, akaisukumia baruti ndani, kisha akaziba mdomo kwa udongo ulioshindiliwa ili nguvu iingie kwenye jiwe isipotee hewani. Wachimbaji wa Kharumwa wanaijua kanuni hiyo kwa mikono yao: mlipuko hufuata umbo la mahali ulipofungiwa. Ndiyo kanuni iliyozaa silaha ambayo askari mmoja wa miguu huibeba begani na kusimamisha kifaru cha tani 36.

Aliyeanza kuiandika alikuwa mtu wa migodi. Mwaka 1792, Mjerumani Franz von Baader alieleza kwamba baruti ikiachiwa uwazi wenye umbo la pia upande wa mbele, huvunja mwamba zaidi kwa kiasi kidogo. Mwaka 1888, mkemia wa Marekani Charles Munroe alilipua vipande vya kilipuzi vilivyochongwa herufi juu ya bamba la chuma, akakuta herufi zilezile zimechongeka kwenye bamba. Baadaye wataalamu wakauvika uwazi ule bati jembamba. Kilipuzi kikilipuka nyuma yake, bati hujikunja na kuwa mchirizi wa chuma unaokimbia kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Wengi hudhani mchirizi huo huyeyusha ngozi ya kifaru. La, huipasua kwa kasi na shinikizo, na nguvu yake haitegemei kombora limerushwa kwa kasi gani. Ndiyo maana mzinga mkubwa hauhitajiki. Bomba la kubebwa begani linatosha.

Wamarekani walilipeleka bomba hilo vitani mwaka 1942, wakaliita bazuka kwa jina la ala ya muziki ya mchekeshaji Bob Burns. Wajerumani waliteka baadhi yake, wakatengeneza kubwa zaidi, na kando yake wakaunda Panzerfaust, silaha ya kufyatuliwa mara moja na kutupwa. Wasovieti walijifunza kutoka kote huko. Mwaka 1961 jeshi lao lilipokea RPG-7: bomba la milimita 40, uzito wa kilo saba hivi, linalopakiwa kombora jipya kila baada ya kufyatua. Kombora hutoka kwa baruti ndogo ya kulisukuma, kisha likiwa mita chache mbele ya mfyatuaji roketi yake huwaka na kulikimbiza.

Kulitengeneza bomba hili ni rahisi, na anayelitumia hujifunza haraka. Sifa hizo mbili zimelifikisha kila pembe ya Afrika. Oktoba 1993, helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk ziliangushwa Mogadishu kwa silaha hiyo iliyobuniwa kupiga vifaru.

Watanzania wanaijua kutoka Vita vya Kagera. Machi 1979, huko Lukaya, Uganda, mgambo wengi wa Brigedi ya 201 ya Tanzania walirudi nyuma mbele ya vifaru vya T-55 na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Kesho yake Brigedi ya 208, iliyoongozwa na Mwita Marwa, ilishambulia na kuligeuza pambano. Mwezi uliofuata, brigedi hiyo ilipoingia Entebbe, ndege ya mizigo ya jeshi la Libya, C-130, ilipigwa kwa RPG ikijaribu kuondoka.

Hapo ndipo masimulizi mengi huishia. Ushindi ule ulikuwa wa haki na unastahili kukumbukwa, lakini mabaki ya vita hayajui kwamba amani imetiwa saini.

Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, wanafunzi watano walikufa na zaidi ya 40 walijeruhiwa baada ya bomu la mkono kulipuka shuleni. Mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lile halikuwa kombora la RPG, lakini njia ya kifo ni ileile: mtoto, kipande cha chuma, na bei ya kilo.

Tena kombora la RPG lisilolipuka lina hatari yake ya pekee. Puani mwake mna kipande kinachozalisha umeme kikigongwa, kama kiwashio cha jiko la gesi. Hakihitaji betri wala utambi, na miaka haikifanyi kuwa salama. Likishafyatuliwa likaanguka bila kulipuka, pigo moja la nyundo kwenye uwanja wa chuma chakavu linaweza kulimalizia safari.

Ukanda wa dhahabu unakula chuma: mipira ya makrasha, vipuri vya pampu, mabomba. Chuma hicho hununuliwa kwa mizani na wanunuzi wasiouliza kimetoka wapi, na mikoa jirani na mpaka haiko mbali. Safu hii inaiomba halmashauri ya Nyang'hwale ifanye jambo lisilogharimu sana. Picha za kombora, bomu la mkono na risasi kubwa zibandikwe kando ya kila mizani ya chuma chakavu, zikiwa na maneno machache: usiguse, weka alama kwa mbali, ita polisi.

Na shuleni apelekwe mtu ambaye watoto watamsikiliza. Maduara yamejaa walipuaji waliozeeka na kazi hiyo, wenye vidole vyote kumi kwa sababu hawakuidharau baruti hata siku moja. Waanze wao, kila mmoja na shule iliyo karibu na duara lake.