Andika jina la mlezi ungali hai

Msiba ukitokea Mambrui, Gongoni, Takaungu au Ganze, watu hujua la kufanya. Sanda hupatikana au jeneza huchongwa, turubai hufungwa, masufuria huazimwa, na mchango ukaandikwa daftarini jina kwa jina. Jambo moja tu huachwa hewani: watoto watakwenda kwa nani. Hilo hungoja mpaka siku ya kuanua matanga. Wazee hukaa mkekani chini ya mwembe, na kabla watu hawajatawanyika watoto huwa wameshagawanywa. Mvulana mkubwa aende kwa ami yake Marereni, mikono yake itafaa kwenye mashamba ya chumvi. Msichana wa miaka kumi na miwili achukuliwe na shangazi yake wa Mombasa, ambaye ameahidi kumsomesha. Kitinda mimba abaki na bibi. Watoto wenyewe wako jikoni wakiosha sahani. Hakuna aliyewauliza, na hakuna ajuaye marehemu alitaka nini, kwa kuwa marehemu hakusema.

Hatuwalaumu wazee. Wao ndio waliobeba mayatima wa pwani hii miaka nenda miaka rudi, wakati serikali haikuwa na afisa hata mmoja wa kuwatazama. Lakini kikao cha matanga hufanywa na watu waliochoka, wenye majonzi, na wengine wao wameshaanza kulitupia jicho shamba. Si mahali pa kuamua maisha ya mtoto. Mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuwaondolea ndugu zake mzigo huo kwa karatasi moja, na tunataka aiandike mwezi huu.

Sheria inamruhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inampa mzazi haki ya kuteua mlezi wa watoto wake baada ya kifo chake, ama kwa wasia ama kwa hati ya kawaida. Hati hiyo iwe na tarehe, na mzazi aitie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Maneno yake ni machache: mimi fulani, mwenye kitambulisho namba fulani, nikifariki kabla watoto wangu hawa hawajatimiza miaka 18, namteua fulani awe mlezi wao, na yeye asipoweza, fulani. Majina ya watoto yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mashahidi wawe watu wazima wasio na chochote cha kupata katika mali yako. Mwenye uwezo wa kumlipa wakili amwendee, hasa kama ana mali nyingi au ndoa zaidi ya moja. Asiye na uwezo asifanye ukosefu wa wakili kuwa sababu ya kutoandika.

Tunajua kinachowazuia wengi. Wanaona kuandika wasia ni kujichulia, kwamba ukitaja kifo umekiita. Mvuvi wa Ngomeni hutoka na ngalawa alfajiri kusi ikivuma, dereva wa bodaboda hupita kati ya malori barabara ya Mombasa kila siku, na wote wawili huona hatari iko kwenye kalamu. Wengine hutegemea kusema siku ya mwisho, kitandani. Kwa asiye Mwislamu, Sheria ya Urithi inautambua wasia wa mdomo uliosemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ila aliyeusema awe amekufa ndani ya miezi mitatu. Akipona akaishi mwaka, maneno yale hayana nguvu tena, na nyumbani wataendelea kuamini kwamba baba alikwisha kusema. Tena ajali haimpi mtu nafasi ya kuita mashahidi.

Wako pia akina mama wanaoiogopa karatasi hii. Wanadhani mume akimwandika ndugu yake kuwa mlezi, basi siku akifa mjane ataambiwa afungashe nguo zake na kuwaacha watoto. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imewapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Mzazi aliyebaki anaendelea kuwa mzazi. Mlezi aliyeteuliwa na marehemu hushirikiana naye, na wakikosana ni mahakama inayoamua, si baraza la ukoo. Ami anayekuja kuwachukua watoto kwa mama yao kwa kusema tu hawa ni damu yetu hana sheria mkononi, na mama akimbilie kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo.

Sasa, ni nani wa kuandikwa? Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Jina la kwanza linalowajia ni la ndugu mwenye pesa: yule wa Nairobi, yule mwenye duka Malindi mjini, yule aliyejenga nyumba ya mabati mapya. Pesa si kitu cha kudharau, karo haijilipi. Lakini mtazame mtoto wako akiumizwa na wenzake hukimbilia nyumba ya nani. Nani anajua kwamba ana pumu? Kwa nani hulala likizo bila kulilia nyumbani? Nani alikwenda shule kuzungumza na mwalimu wakati wewe umelazwa? Mtu huyo, hata kama anauza maandazi, ameshakuwa mlezi, na kazi yako ni kumwandika tu.

Tena mtazame mwenzake wa ndoa. Shangazi anaweza kuwa na moyo wa dhahabu na mumewe asitake hata kusikia. Mtoto ataishi na wote wawili. Bibi naye anapendwa, na wengi wetu tumelelewa na bibi, lakini bibi wa miaka sabini na mtoto wa miaka minne hesabu yao haiendi mbali. Awe wa kwanza ukitaka, na chini yake liandikwe jina la mwenye umri wa kufika. Wasitenganishwe watoto ila kwa dharura isiyo na njia. Mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili kisha akaondolewa ndugu zake amefiwa mara tatu. Na mtoto mwenye akili ya kujieleza aulizwe. Mahakama humsikiliza, mzazi wake ashindwe na nini?

Uliyemchagua umwambie. Tumesikia habari za watu waliogundua kwenye matanga kwamba wameachiwa watoto watatu, na nyumba yao ni ya chumba kimoja. Mtu anayo haki ya kukataa, na ni afadhali akatae leo mko kwenye kahawa kuliko akubali kwa aibu mbele ya watu kisha watoto wakaonja uchungu wake.

Mlezi wa mtoto na mshika mali si lazima wawe mtu mmoja, na kwa maoni yetu wasiwe mmoja pale inapowezekana. Mpe mama mdogo watoto, umpe mwalimu au ndugu mwenye hesabu safi kusimamia fedha za karo. Kila mmoja atakuwa jicho la mwenzake. Sheria ya Urithi nayo imeona hivyo: mtu akifa bila wasia na kuacha watoto wadogo, mali yao hapewi mtu mmoja peke yake kuisimamia, watakiwa wasimamizi wasiopungua wawili. Na wale wanaojiliwaza kwamba wamewaandika watoto kwenye fomu ya Sacco au ya bima wajue kwamba fomu hiyo inasema pesa ni za nani. Haisemi nani atamwamsha mtoto aende shule, na mtoto wa miaka saba hawezi kwenda kaunta kudai chochote.

Kwa pwani yetu, mali ya yatima hupotea kirahisi kwa sababu nyingine. Mashamba mengi ya Kilifi hayana hati, na minazi yaweza kuwa ya mtu huyu ilhali ardhi ni ya yule. Kinachojua minazi kumi na saba ya upande wa kisima ni ya nani ni kichwa cha baba, na baba akizikwa elimu hiyo inazikwa naye. Kwa hiyo nyuma ya karatasi ya mlezi andika: minazi iko wapi, mpaka unapita wapi, jirani shahidi ni nani, mikorosho mingapi, deni gani unadai na gani unadaiwa.

Waislamu wana jambo lao la kusikia hapa. Wengi hujibu kwamba wasia kwetu hauzidi theluthi, wala mrithi hausiwi, kwa hiyo hakuna cha kuandika, Kadhi atagawa. Mirathi, ndiyo, ni ya Mahakama ya Kadhi. Lakini kumteua mlezi si kumgawia mtu mali, na theluthi haiingii humo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, baba akifa usimamizi wa mali ya watoto humwendea babu mzaa baba akiwa hai na anafaa. Asipokuwepo, hushika wasii aliyeteuliwa na baba. Na fiqhi ya Shafi haikumfungia mwanamke mlango: mama wa watoto, akitimiza masharti, anastahili kuwa wasii kuliko mtu mwingine yeyote. Ni wanaume wangapi wa Malindi wamewahi kuambiwa hivyo msikitini? Surat an-Nisaa haikwenda mbali kabla ya kuzungumzia mali ya mayatima, na imeagiza wakabidhiwe chao mbele ya mashahidi. Khutba moja ya Ijumaa juu ya jambo hili ingeokoa watoto wengi. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua pia kafala, kwa Mwislamu anayemchukua mtoto asiye wake na kumlea bila kumfuta nasaba.

Kuna kundi lingine linalotutia hofu zaidi. Binti wa Kaloleni au Magarini anapata kazi ya nyumbani Saudi Arabia. Anamwachia mamake mtoto wa miaka miwili, anapanda ndege, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Mtoto akihitaji kulazwa, bibi hana barua. Binti akifia huko, na wapo waliorudishwa wakiwa ndani ya sanduku, baba aliyemkana mtoto tangu mimba aweza kutokea kwa ajili ya malipo. Kabla ya pasipoti kugongwa muhuri, yaandikwe mambo mawili: barua ya kumruhusu bibi kumhudumia mtoto wakati mama yuko nje, na hati ya mlezi iwapo hatarudi. Mawakala wanaochukua mabinti wetu wanajua kujaza fomu nyingi kwa haraka. Hii nayo waijaze.

Karatasi ya mzazi si amri ya mwisho, na ni vizuri hivyo. Mahakama yaweza kumwondoa mlezi asiyefaa, kwa kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa na Katiba. Baada ya maafa ya msitu wa Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto waliopelekwa msituni na wazazi wao wenyewe, hakuna mtu wa Kaunti ya Kilifi atakayedai kwamba mzazi hakosei. Lakini hakimu asiye na jina lolote mezani hana pa kuanzia. Atasikiliza aliyefika kwanza au anayepiga kelele zaidi. Ama mtoto ataishia kwenye makao ya watoto, na Malindi na Watamu hazina uhaba wa makao. Serikali yenyewe tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto huko na kuwarudisha kwenye familia. Basi familia ijulikane mapema.

Nakala ziwe tatu: moja kwako, moja kwa mlezi, moja kwa imamu, mchungaji au mtu mnayemwamini nyote. Mtoto akizaliwa, talaka ikitoka, au mlezi akifa au akihama, iandikwe upya na ya zamani ichanwe.

Tuna ombi moja kwa machifu na manaibu wao, ambao mtoto akizaliwa nyumbani ndio wanaofuatwa ili asajiliwe. Mzazi akija na jina la mtoto, mwulizeni palepale: ukifa wewe, huyu atakaa na nani? Asinyimwe huduma kwa kukosa jibu. Lakini aulizwe, na akilitaja jina apewe karatasi na kalamu, mashahidi wawili waitwe kutoka kwenye foleni ya nje.