Yaya Achunguzwe, na Tajiri Naye Je?

Leo nimeshika kalamu niseme juu ya jambo ambalo huku kwetu Bura tunaliona kila mwaka na kulinyamazia. Nataka kusema juu ya yaya na jinsi anavyotafutwa.

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala darasani. Mada ilikuwa kwamba kila yaya awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi kabla hajakabidhiwa mtoto. Waliounga mkono walishinda, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini kengele ililia kabla hatujafika nusu ya pili ya jambo lenyewe, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nianze na nusu iliyosemwa. Mtoto mchanga hana mdomo wa kushtaki. Mnamo Novemba 2014 ilisambaa video kutoka Kampala, Uganda, ikimwonyesha yaya wa miaka 22, Jolly Tumuhirwe, akimpiga na kumkanyaga mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Baba ya mtoto alikuwa ameona alama mwilini mwa mwanawe, akaweka kamera kwa siri. Desemba mwaka huo huo mahakama ilimfunga yaya huyo miaka 4. Baada ya kuona mambo kama hayo, ni mzazi gani hataogopa? Mwenye mtoto ana haki ya kuuliza, tena aulize sana.

Swali ni, anauliza nini? Cheti kile huombwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Mtu hulipa shilingi 1,050, hupigwa alama za vidole vyote 10, kisha wapelelezi wa DCI hutazama kama ana rekodi ya uhalifu. Basi, ni hilo tu. Cheti hakisemi kama una subira mtoto anapolia saa nane za usiku. Aliyemtesa mtoto na hakushtakiwa, cheti chake kitatoka cheupe kama pamba. Kwa hivyo cheti ni kizuri, lakini uchunguzi wa kweli ni wa miguu na mdomo. Mpigie simu aliyemwajiri zamani. Fika kwao, uliza mzee wa mtaa. Kaa naye nyumbani wiki ya kwanza uone kama mtoto anamkimbilia au anamkimbia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa nusu ya pili. Tajiri naye anachunguzwa na nani?

Jamani, tuseme ukweli. Karibu kila Disemba gari huja, mtu asiyejulikana hushuka, huongea na mzazi dakika chache, na msichana hupanda na mkoba wake. Wanateremka Mwatate, wanafika Voi, na kutoka Voi njia ni mbili, Mombasa ama Nairobi. Msichana niliyeketi naye dawati moja kidato cha pili aliondoka hivyo hivyo. Alikuwa na miaka 15. Yule mama aliyekuja kumchukua aliuliza kama anajua kupika, kama ana mpenzi, na kama anakula sana. Ati anakula sana! Kwa upande wetu hakuna aliyeuliza hata jina lake la pili, wala nyumba yake iko mtaa gani. Nambari ya simu waliyoachiwa nyumbani ilikuwa inaita miezi miwili, halafu ikawa haipatikani. Mpaka leo mama yake akiniona nikirudi kutoka shuleni na sare, huniuliza kama nimesikia chochote. Namjibu bado. Nitamwambia nini kingine?

Wenzangu mtasema, huyo ni mmoja tu, wengine wanafanikiwa. Kweli, wapo waliojenga nyumba za wazazi kwa mshahara wa uyaya, na kazi si aibu. Lakini hebu tazameni kile cheti tena. Huwezi kukiomba bila kitambulisho, na kitambulisho cha taifa hupewa mtu wa miaka 18. Kumbe kila tajiri angedai cheti kwa dhati, msichana wa miaka 15 asingepanda gari lile! Uchunguzi ule ule unaomlinda mtoto wa tajiri ungemlinda mtoto wetu pia. Wanaoruka cheti mara nyingine huruka kwa sababu wanamtaka mdogo, asiyejua kudai.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema aliye kati ya miaka 13 na 16 afanye kazi nyepesi tu, isiyomzuia kwenda shule. Yaya anayelala kwa tajiri atasoma saa ngapi? Sheria hiyo hiyo inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Hata mshahara umeandikwa. Katika amri ya serikali ya mwaka 2024, yaya ametajwa waziwazi, na kima cha chini kwa Nairobi na Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Waulizeni dada zenu wanapata ngapi, kisha mniambie.

Kuna aliyesimama kwenye mjadala akasema mwenye mali ndiye huuliza maswali. Ndugu yangu, mzazi wa Bura naye anatoa mali, tena iliyo ghali kuliko zote. Tajiri akimwachia yaya mtoto wake kutwa, sisi tunamwachia tajiri mtoto wetu mwaka mzima. Nani mwenye haki zaidi ya kuuliza? Sisemi kwamba yaya akiteswa ana ruhusa ya kutesa, la hasha. Nasema anayetaka kuaminiwa naye aonyeshe uso.

Ombi langu ni dogo. Msichana asiondoke Bura kabla chifu hajaandika jina la tajiri, nambari ya kitambulisho chake, simu na mahali anapoishi. Mshahara na siku ya kupumzika viandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Ile 1,050 ya cheti ilipwe na tajiri, kwani ndiye anayekitaka. Na walimu wetu, kwa heshima zote, dawati likibaki tupu Januari, msifute jina tu kwenye rejista. Tangu 2008 serikali hulipa karo ya shule za kutwa kama yetu, na mara nyingi kinachomtoa msichana ni pesa za chakula cha mchana au sare. Ulizeni mapema, huenda tatizo ni dogo kuliko mnavyofikiri.

Nasi wanafunzi tusijifanye hatujui gari linapokuja. Tunalijua, tena hata rangi yake tunaijua. Disemba si mbali. Likifika kwenu au kwa jirani, semeni karibu, toeni kiti, kisha ulizeni: wewe ni nani, unatoka wapi, na kitambulisho chako kiko wapi?